Zuia faili la mizigo lisiharibike: mwongozo kwa ofisi zinazotumia hifadhidata moja kwa kompyuta nyingi

Ofisi nyingi za uwakala wa forodha na za usafirishaji zilizopo Tunduma, Namanga, Rusumo, Mutukula na Malaba hazina mfumo mkubwa wa kompyuta. Zina kompyuta tatu, nne au sita zilizounganishwa kwa kebo au kwa Wi-Fi, na ndani ya kompyuta mojawapo kuna faili ambalo kila karani hulifungua. Mara nyingi faili hilo limetengenezwa kwa Microsoft Access. Kwingine ni faili la QuickBooks, folda ya Tally, au programu ndogo iliyoandikwa na kijana wa mjini miaka kadhaa iliyopita. Humo ndimo zilimo namba za malori, majina ya madereva, posho za njiani, lita za mafuta, amana za kontena, madeni ya wateja na salio la dhamana za mizigo ya kupita.

Siku faili hilo likigoma kufunguka, kazi husimama. Lori limefika mpakani, dereva anapiga simu kuuliza hati, mteja wa Lubumbashi au Kigali anataka kujua mzigo wake uko wapi, na karani anatazama ujumbe usemao kwamba muundo wa hifadhidata hautambuliki. Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hili hutokea, jinsi ya kulizuia, na la kufanya likishatokea.

Je, hasara iko wapi hasa?

Baadhi ya wafanyabiashara hujipa moyo kwamba kumbukumbu zote zipo kwenye mfumo wa forodha. Ni kweli kwamba tamko la forodha ulilotuma limehifadhiwa kwenye mitambo ya mamlaka ya mapato, na kuharibika kwa faili la ofisini kwako hakuligusi. Lakini forodha haina hesabu ya mafuta uliyompa dereva pale Morogoro. Haijui ni mteja gani amelipa nusu, wala ni kontena ngapi bado hazijarudishwa kwa kampuni ya meli ili udai amana yako. Hayo yapo kwako tu.

Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa wa forodha uwezo wa kudai vitabu na kumbukumbu za mzigo ndani ya miaka mitano tangu mzigo ulipoingizwa au kusafirishwa. Wakaguzi wakija kuuliza juu ya mzigo wa miaka mitatu iliyopita, jibu la kwamba faili liliharibika halitakusaidia. Hali kadhalika katika dhamana: usipoweza kuonyesha kwamba lori fulani lilivuka na dhamana yake ikafungwa, fedha zako zinabaki zimefungwa kwa mzigo uliokwisha kufika zamani.

Tofauti ya faili la pamoja na seva ya hifadhidata

Ili kuelewa tatizo, inafaa kwanza kutofautisha njia mbili za kutunza kumbukumbu za pamoja.

Njia ya kwanza ni ya ghala lenye mtunza ghala mmoja. Ukitaka magunia kumi huingii ndani. Unasimama dirishani, unatoa karatasi ya maombi, mtunza ghala anaingia, anatoa, anaandika kwenye leja na kukupa risiti. Wakija watu kumi kwa pamoja, atawahudumia kwa utaratibu. Ukianguka njiani baada ya kutoa maombi, leja haiharibiki, kwa kuwa hukuigusa. Hivi ndivyo inavyofanya kazi seva ya hifadhidata kama SQL Server, PostgreSQL au MySQL. Programu moja tu ndiyo yenye ruhusa ya kuandika kwenye mafaili. Tena kabla ya kubadili chochote huandika kwanza kwenye kumbukumbu maalumu kile inachotaka kufanya, ili umeme ukikatika iweze kumalizia au kufuta kazi iliyobaki katikati pindi itakapowashwa.

Njia ya pili ni ya ghala ambalo kila karani ana ufunguo wake. Kila mmoja anaingia mwenyewe, anasogeza magunia na kuandika kwenye leja kwa mkono wake. Hivi ndivyo lilivyo faili la Access lililowekwa kwenye folda ya pamoja. Kompyuta inayotunza faili haijui kama hilo ni hifadhidata. Kwake ni faili tu kama picha au barua. Kazi yote ya kusoma na kuandika hufanywa na kompyuta ya kila karani, ambayo huvuta vipande vya faili kupitia mtandao, kila kipande kikiwa na ukubwa wa KB 4, huvibadili na kuvirudisha.

Makarani wasigongane, programu hutumia kufuli. Pembeni ya faili kuu huzaliwa faili dogo lenye jina lilelile, lakini mwisho wake ni .ldb kwa mafaili ya zamani ya .mdb, au .laccdb kwa mafaili ya .accdb yaliyoanza na Access 2007. Faili hilo dogo huonyesha nani yuko ndani, na kwa msaada wake kompyuta hukubaliana nani anaandika wapi. Mtu wa mwisho akitoka vizuri, faili hilo hufutika lenyewe.

Udhaifu wa njia ya pili unaonekana wazi. Kuandika rekodi moja ya lori si tendo moja. Programu inabadili kipande chenye rekodi, inabadili faharasa inayosaidia kutafuta kwa namba ya lori, na pengine inabadili jedwali la madeni. Kama mawasiliano yakikatika baada ya kipande cha kwanza kufika na kabla ya cha pili, faili linabaki nusu jipya nusu la zamani. Hakuna mtunza ghala wa kurekebisha. Karani anayefuata akifungua, anakuta leja isiyolingana.

Mambo yanayoharibu faili

1. Umeme. Hili wengi wanalijua, nao hununua UPS kwa ajili ya kompyuta. Wanachosahau ni kile kisanduku kinachounganisha kebo zote za mtandao, yaani swichi. Kama kompyuta zina UPS lakini swichi imechomekwa moja kwa moja ukutani, umeme ukikatika kompyuta zote zitaendelea kuwaka huku mawasiliano baina yao yamekufa. Kwa faili la pamoja, hali hiyo ni mbaya sawa na kuzimika. Swichi inatumia umeme kidogo sana, hivyo iunganishe kwenye UPS ileile ya kompyuta inayotunza faili.

2. Wi-Fi. Kwa kusoma barua pepe, Wi-Fi ikikatika sekunde mbili hakuna anayegundua. Kwa faili la Access, sekunde hizo mbili zaweza kuangukia katikati ya kuandika. Mawimbi hudhoofishwa na kuta za zege, na ofisi nyingi za mpakani ni kontena la chuma, ambalo huyazuia zaidi. Karani anayebeba kompyuta ya mpakato kutoka mezani hadi kwenye maegesho ya malori huku faili likiwa wazi anahatarisha kazi ya ofisi nzima. Kanuni ni hii: anayeandika kwenye faili la pamoja atumie kebo.

3. Kebo mbovu. Kebo iliyopita chini ya mlango na kukanyagwa kila siku, iliyotafunwa na panya, au iliyofungwa pamoja na waya wa umeme mkubwa, hupoteza data mara kwa mara. Aidha, kebo ya kawaida ya mtandao haipaswi kuzidi mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta. Kama ofisi ya pili iko ng'ambo ya uwanja na umbali unazidi hapo, weka swichi nyingine katikati au tumia kebo ya nyuzi za mwanga.

4. Kompyuta inayosinzia au kuzimwa. Katika ofisi nyingi faili limewekwa kwenye kompyuta ya mhasibu. Mhasibu akimaliza kazi saa kumi jioni, anaizima na kuondoka, wakati karani wa zamu bado anaingiza lori la mwisho. Hata asipoizima, Windows inaweza kuilaza baada ya dakika kadhaa za kutoguswa. Kompyuta ikilala, faili limekatika kwa wote.

5. Kufunga kwa nguvu. Programu ikichelewa, karani asiye na subira hubonyeza kitufe cha kuzima mpaka mashine izime, au huiua programu kwa kutumia orodha ya kazi za Windows. Mara nyingi programu ilikuwa inaandika.

6. Kufungua faili kupitia intaneti. Ofisi kuu iko Dar es Salaam, tawi liko Tunduma. Fundi anaunganisha ofisi mbili kwa VPN na kumwonyesha karani wa Tunduma folda ya Dar es Salaam kana kwamba iko hapohapo. Inafunguka polepole, nao wanafurahi. Baada ya muda mfupi faili linaharibika, kwa sababu kila kipande kinasafiri mamia ya kilomita kupitia njia inayokatika mara nyingi kwa siku. Faili la namna hii halikutengenezwa kwa safari hiyo.

7. Folda za kusawazisha. Dropbox, OneDrive na Google Drive ni nzuri kwa barua na hati. Kwa hifadhidata iliyo wazi ni hatari. Huduma hizi hunakili faili zima kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila kujali kufuli. Karani wa Namanga akiingiza malori matano na wa Nairobi akaingiza matatu kwa wakati mmoja, huduma haiwezi kuyajumlisha yawe manane. Itabakiza faili la mmoja, na la mwingine italiweka pembeni kwa jina la nakala inayogongana. Mkishaendelea kufanya kazi wiki nzima mkiwa na mafaili mawili, kuyaunganisha ni kazi ya mkono.

8. Ruhusa za folda. Faili dogo la kufuli huzaliwa ndani ya folda ileile ya faili kuu. Hivyo kila mtumiaji anayeandika anahitaji ruhusa ya kusoma, kuandika, kuunda na kufuta ndani ya folda hiyo. Fundi anayempa karani ruhusa ya kubadili faili lakini akamnyima ruhusa ya kuunda faili jipya, anasababisha matatizo ya kufuli ambayo huonekana kama miujiza.

9. Faili kujaa. Faili la Access haliwezi kuzidi GB 2. Likikaribia hapo huanza kugoma. Picha za hati zilizoskaniwa na kuingizwa ndani ya hifadhidata hulinenepesha haraka. Weka picha hizo kwenye folda ya kawaida, na ndani ya hifadhidata andika tu jina na mahali zilipo.

10. Hitilafu za Windows yenyewe. Ili kuongeza kasi, Windows huruhusu kompyuta ya karani kushika nakala ya muda ya sehemu za faili badala ya kuuliza kila mara. Baada ya toleo la Windows 10 namba 1803 kutoka mwaka 2018, ofisi kadhaa duniani zilizotumia Access kwa pamoja zilianza kupata ujumbe kwamba faili liko katika hali isiyolingana, hata pale umeme na kebo zilipokuwa salama. Ushauri uliotolewa na Microsoft ulikuwa kuzima kipengele hicho kwenye kompyuta inayotunza faili. Ikiwa umeyakamilisha mengine yote na faili bado linaharibika kila wiki, mwambie fundi wako achunguze jambo hili.

Mpangilio salama wa ofisi ndogo

Kwanza, chagua kompyuta moja iwe ya kutunza faili tu. Haihitaji kuwa ya bei kubwa. Inahitaji diski nzuri, UPS, kebo, na iwekwe mahali ambapo hakuna atakayeizima ili achaji simu. Zima usingizi wa kompyuta na usingizi wa kadi ya mtandao. Kumbuka pia kwamba Windows za kawaida, yaani zisizo za seva, huruhusu kompyuta zisizozidi 20 kuunganishwa kwa wakati mmoja. Kwa ofisi ndogo idadi hiyo inatosha.

Pili, ligawe faili la Access sehemu mbili. Sehemu ya nyuma iwe na majedwali tu, nayo ndiyo ikae kwenye kompyuta ya kutunza. Sehemu ya mbele iwe na fomu, ripoti na maswali, na kila karani awe na nakala yake ndani ya kompyuta yake. Access ina zana ya kufanya mgawanyo huu, na kazi yenyewe haichukui muda mrefu. Faida ni kubwa. Vitu vinavyopita kwenye mtandao vinapungua, sehemu ya mbele ya mtu mmoja ikiharibika haimgusi mwingine, na fundi anaweza kubadili fomu bila kuigusa data. Ofisi ambayo makarani watano wanafungua faili lilelile moja, lenye fomu na majedwali ndani yake, inajitafutia matatizo.

Tatu, wote watumie toleo moja la programu na wapate masasisho kwa pamoja. Ikiwa bado kuna mashine ya zamani yenye Windows ambayo haipati tena masasisho ya usalama, iondoe kwenye mtandao wa hifadhidata. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida mwezi Oktoba mwaka 2025.

Nne, weka utaratibu wa kufunga. Anayekwenda kula, kusali au kukagua lori uwanjani afunge programu kwanza. Jioni, mtu mmoja mwenye jina linalojulikana ahakikishe wote wametoka. Atajua kwa kutazama folda: lile faili dogo la kufuli likiwa halipo tena, hakuna aliyebaki ndani. Kama bado lipo wakati kila mtu amefunga, yupo aliyetoka vibaya, na faili lichunguzwe kabla ya kesho.

Tano, kwa tawi la mbali tumia njia ya kuitazama kompyuta ya ofisi kuu kutoka mbali, yaani rimoti. Kwa njia hii karani wa Tunduma anaiendesha kompyuta iliyopo Dar es Salaam. Kinachosafiri ni picha ya kioo na mibofyo ya vitufe tu, na faili linabaki palepale lilipo. Mawasiliano yakikatika, programu inaendelea kuwa wazi kule na karani akirudi anaikuta alipoiacha. Hata hivyo, Windows ya kawaida inaruhusu mtu mmoja tu kwa wakati, na kwa watu zaidi unahitaji Windows ya seva na leseni zake. Tena usiufungue mlango huo moja kwa moja kwa dunia nzima. Upitishe ndani ya VPN, kwani wezi wa mtandaoni huitafuta milango ya namna hiyo usiku na mchana ili wafunge mafaili ya watu na kudai malipo.

Wanaotumia QuickBooks na Tally

QuickBooks ya kwenye kompyuta ina programu yake ya kuhudumia faili. Kompyuta moja tu ndiyo inayotakiwa kuwa mwenyeji wa watumiaji wengi. Zikiwa mbili, zinagombea. Nenda kwenye kila kompyuta ya karani na uhakikishe kwamba uenyeji umezimwa, kisha uache kwenye ile ya kutunza peke yake. Pembeni ya faili la kampuni utaona mafaili mengine mawili yenye mwisho wa .ND na .TLG. Hili la pili ni kumbukumbu ya miamala, na laweza kumsaidia mtaalamu kurejesha kazi iliyofanywa tangu nakala ya mwisho. Usilifute kwa kudhani ni takataka.

Kwa Tally, data ni folda yenye mafaili mengi yanayotegemeana. Kunakili baadhi yake, au kunakili wakati mtu anaandika, kunaleta nakala isiyofunguka. Tumia amri ya kutunza nakala iliyomo ndani ya programu yenyewe.

Na Excel je? Excel humlinda anayeandika kwa kuwafungia wengine: wa pili akifungua faili lililo wazi, anapewa la kusoma tu. Hapo ndipo karani anapolihifadhi kwa jina jingine, na baada ya mwezi ofisi ina orodha nne za malori zisizofanana. Faili halijaharibika, lakini ukweli umepotea. Orodha inayoandikwa na watu zaidi ya mmoja haifai kukaa kwenye karatasi ya Excel ndani ya folda ya pamoja.

Nakala za akiba

Hakuna kinga iliyo kamili, hivyo nakala za akiba, au bekapu kama wengi wanavyoziita, ni lazima. Zingatia mambo manne.

Nakala ichukuliwe wakati wote wametoka. Nakala ya faili lililo wazi inaweza kuwa mbovu tangu kuzaliwa kwake.

Kila siku iwe na nakala yake yenye tarehe. Ukiandika juu ya nakala ya jana kila jioni, siku faili litakapoharibika bila wewe kujua utaiandika mbovu juu ya nzima. Tunza angalau za siku saba, za wiki nne, na ya mwisho wa kila mwezi.

Nakala moja itoke nje ya ofisi. Moto, mafuriko na wizi havichagui diski. Flashi iliyobaki imechomekwa kwenye kompyuta siku zote si nakala ya nje, na kirusi kitakachofunga mafaili kitaifunga nayo. Hapa ndipo Dropbox au Google Drive zinafaa: kupokea nakala iliyokwisha kufungwa na kubanwa, si faili linalofanyiwa kazi.

Nakala ijaribiwe. Mara moja kwa mwezi ifungue nakala kwenye kompyuta nyingine, tafuta lori la jana na ulinganishe deni la mteja mmoja au wawili. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiitegemee.

Pamoja na hayo, ofisi ya mpakani isiidharau karatasi. Daftari la zamu lenye namba mfululizo, namba ya lori, namba ya hati ya T1, jina la dereva na fedha zilizotolewa, laweza kuonekana la kizamani. Lakini ukirudisha nakala ya jana jioni na sasa ni saa tisa mchana, daftari hilo ndilo litakalokuambia ni rekodi zipi za leo zinatakiwa kuingizwa upya.

Dalili za mapema

Faili mara nyingi hutoa ishara kabla ya kufa. Unaliona lori kwenye orodha, lakini ukilitafuta kwa namba yake halipatikani: hiyo ni faharasa iliyoharibika. Rekodi moja inaonyesha herufi zisizosomeka au maneno kwamba imefutwa, na hakuna aliyeifuta. Ripoti ya mwezi uliofungwa inatoa jumla tofauti na ile mliyochapisha. Programu inakatika kila inapofika kwenye mteja fulani. Faili linakua haraka bila kazi kuongezeka. Ukiona mojawapo usisubiri mwisho wa wiki.

Faili likishaharibika

Waambie wote watoke na wasifungue tena. Kila jaribio la kufungua linaweza kuongeza madhara.

Nakili faili bovu kama lilivyo, uliweke mahali pengine na uliandike tarehe. Hili ni muhimu kuliko yote, kwa sababu zana ya kubana na kukarabati iliyomo ndani ya Access inaweza kutupa rekodi isizozielewa, na ukishaiendesha juu ya faili lako la pekee hakuna kurudi nyuma.

Ukarabati ufanyike juu ya nakala, kwenye diski ya kompyuta unayoitumia, si kupitia mtandao. Ikishindikana, unda faili jipya tupu na uyaingize majedwali moja baada ya jingine. Mara nyingi jedwali moja ndilo bovu na mengine ni mazima. Lile bovu lichukue kutoka nakala ya jana.

Baada ya kupona linganisha. Idadi ya malori ya mwezi huu ni ileile iliyo kwenye daftari la zamu? Salio la fedha taslimu linalingana na sanduku? Usiwarudishe makarani kazini kabla ya majibu. Kisha tafuta chanzo, kwa maana faili lililokarabatiwa na kurudishwa kwenye Wi-Fi ileile litaharibika tena.

Lini uhamie kwenye seva?

Faili la pamoja linaitosha ofisi ya watu wachache walio chini ya paa moja. Ukishakuwa na waandishi wengi wa siku nzima, tawi la pili, au mzigo ambao saa moja ya kusimama inagharimu zaidi ya mshahara wa fundi, wakati umefika. Gharama ya programu isikutishe. PostgreSQL na toleo la jamii la MySQL ni za bure. SQL Server Express nayo ni ya bure. Kwa miaka mingi, kuanzia toleo la 2008 R2, ukomo wake ulikuwa GB 10 kwa kila hifadhidata, na toleo la 2025 limeupandisha hadi GB 50. Ukomo wowote kati ya hizo ni mkubwa mara nyingi kuliko GB 2 za Access.

Habari njema ni kwamba hulazimiki kutupa fomu ambazo makarani wamezizoea. Majedwali yanahamishiwa kwenye seva, na sehemu ya mbele ya Access inaunganishwa nayo. Karani anaona kioo kilekile, ila sasa yupo mtunza ghala. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, seva ikiwaka itaufuta muamala uliobaki nusu au kuukamilisha. Jihadhari na jambo moja tu: nakala ya akiba ya seva hutengenezwa kwa amri yake maalumu, si kwa kunakili mafaili yake wakati inafanya kazi.

Ikiwa huna uwezo wa kufanya yote wiki hii, anza na matatu yasiyogharimu sana: chomeka swichi kwenye UPS, waondoe waandishi kwenye Wi-Fi, na chukua nakala ya leo jioni baada ya kila mtu kutoka. Kisha panga siku, pengine Jumapili ambayo foleni ya malori ni ndogo, ya kuligawa faili na kujaribu kurudisha nakala. Kazi hiyo ya siku moja ni nafuu kuliko kuandika upya kumbukumbu za mwaka mzima kutoka kwenye risiti zilizofifia.